Mama Alivyokataa Kupimwa na Mkwewe

Miaka ile ya tisini mume wangu ndiye aliyekuwa tabibu pekee pale kwetu Runzewe. Mama yangu alipoanza kutokwa damu, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, majirani waliniambia nina bahati, daktari yumo ndani. Bahati gani? Kwa sisi Wasukuma, mama na mkwewe wa kiume hawapeani hata mkono. Mama akimwona mume wangu njiani, alikuwa anakatisha kwenye shamba la pamba la watu. Ndiyo leo avue nguo mbele yake?

"Bora nife na heshima yangu," aliniambia.

Nilikasirika kwelikweli. Nikamjibu kwamba sina haja na kaburi lenye heshima, nina haja na mama. Mume wangu alikuwa ameniambia huenda ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba ikiwahiwa inatibika. Kesho yake nilimpandisha mama basi la Shinyanga, kwa muuguzi wa kike.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole. Alipotoa kile kifaa cha chuma cha kupanulia njia ya uzazi, mama, aliyekuwa amelala kitandani, akaketi.

"Hicho unakiweka wewe?"

"Ndiyo, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Watoto wangu wote niliwazaa nyumbani, hakuna aliyenishika. Lete, nitakiweka mwenyewe."

Binti akanitazama. "Mpe," nikamwambia, wala sikutabasamu.

Akampa, akamwelekeza polepole, na mama akakiweka. Muuguzi alibaki na kazi ya kukwangua kidogo mlango wa kizazi kwa kijiti na kupaka kwenye kipande cha kioo cha maabara. Siku hizi wanawake hupewa kijiti chenye pamba, wakajichukulia sampuli wenyewe nyumbani ili ipimwe virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo. Nikisikia hivyo naona fahari, maana mama yangu alilidai jambo hilo mapema.

Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imeanza, lakini changa. Alitakiwa kufanyiwa upasuaji Mwanza, na daktari mpasuaji alikuwa mwanamume. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilipomweleza, mama alijifunga kanga vizuri.

"Huyo daktari ana undugu wowote na mumeo?"

"Hana."

"Basi twende."

Nikaanza kulia. Mama akaniambia niache kupoteza muda, nifungashe nguo zake.