Khanga za Mtoto wa Chiungutwa

Dada yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Yeye aliolewa Mkunya, huko juu Newala, kwa mkulima wa korosho asiye na maneno mengi. Mimi nikaolewa Masasi mjini, nikawa fundi cherehani na kupanga kibanda karibu na hospitali ya Mkomaindo. Kila nilipopanda Newala kumtembelea, nilimkuta ama anatwanga, ama anacheka, ama yuko njiani kwenda kwenye ngoma ya unyago ya mtoto wa mtu. Akina mama walikuwa wakisema sherehe bila yeye haijaanza.

Ugonjwa wake ulianza kama mchezo. Tumbo linamsokota, linaacha. Akanywa dawa za mizizi, akanywa za dukani. Halafu choo kikagoma kabisa, tumbo likavimba likawa gumu, akawa anatapika hata maji. Shemeji akamleta kwangu kwa gari la kukodi, tukampeleka hospitali, akaingizwa chumba cha upasuaji siku ileile.

Daktari aliniita pembeni. Akanieleza kwa upole kwamba utumbo ulikuwa umezibwa na uvimbe, wameukata upande ulioharibika, na kwamba kuanzia sasa haja kubwa ingetokea tumboni, kwenye tundu walilolitengeneza kushoto mwa kitovu, ipokelewe na mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Niliitikia kila alichosema. Nilipotoka nje nikajikuta nimeshika nguzo ya varanda, sijui nimeishikilia tangu saa ngapi.

Dada alipozinduka alipeleka mkono chini ya shuka.

"Mdogo wangu, hiki ni nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpaka lini?"

"Daktari anasema huenda ikawa moja kwa moja, dada."

Aligeukia ukutani.

Muuguzi alitufundisha kusafisha, kukata tundu la mfuko lilingane na jeraha, kubandika bila kuacha mkunjo. Tukaondoka na mifuko michache. Ilipokwisha, nikaanza kuulizia madukani, nikaambiwa huagizwa kutoka Dar, na ikifika ni bei ambayo watu wetu hawaiwezi kila wiki. Basi nikamshonea mkanda wa kitambaa kigumu wenye kishikizo, dada akawa anafungia humo vifuko vya plastiki vya kufungashia, na juu yake kipande cha khanga kuukuu. Vilivuja. Ngozi ilimchubuka ikawa nyekundu kama nyama.

Na huko Mkunya alikorudi maji ni shida. Mvua ikikata, kisima cha nyumbani cha kuvunia maji hubaki na tope, na ndoo moja unaihesabia chakula, udhu na kuoga. Mtu anayehitaji kujisafisha mara nyingi kwa siku ataishije huko? Shemeji hakuwahi kutamka hata neno moja kuhusu ule ugonjwa, si kwangu wala kwa mkewe. Lakini kila alfajiri alikuwa anateremka bondeni na baiskeli yake na madumu, na jua likichomoza maji yamekwisha kufika nyuma ya nyumba, yamefunikwa. Dada aliniambia hilo ndilo jambo lililomfanya alie kuliko upasuaji wenyewe.

Akaacha kwenda kokote. Ngoma hakwenda, arusi hakwenda. Shehe alikwishamwambia sala yake ni sahihi, atawadhe kwa kila sala na asijitie mashaka, lakini msikitini pia akaacha kwenda. Si harufu peke yake iliyomtisha. Lile tundu lilikuwa linalia. Hewa inapopita hutoa sauti, na mwenyewe huna namna ya kuizuia. Majirani waliambiwa ana vidonda vya tumbo. Msimu alioupenda ulikuwa wa korosho, mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho na kijiji kizima kikanuka uchachu, maana hapo angalau aliweza kukaa barazani bila kujinusa.

Niliwahi kumwomba anipe ruhusa nimsemee kwa akina mama wenzangu wa Masasi, wachange tumwagizie mifuko.

"Utawaambia ya nini?"

"Ya ugonjwa wako."

"Basi usiwaambie. Wakinipa, kila wakiniona watatazama tumbo."

Nikaacha. Nilikuwa nikiweka akiba kidogokidogo na kumwagizia michache, anaivaa siku za kliniki tu.

Ilikuwa siku ya kliniki tulipokutana na yule binti. Tulikaa kwenye benchi refu la wagonjwa, na nikaona watu wa upande wa pili wanasogea, mmoja baada ya mwingine, hadi pakawa na nafasi kubwa katikati. Pembeni ya ile nafasi alikaa binti mdogo, kijana kabisa, amempakata mtoto aliyefungwa vitambaa tumboni. Ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua. Dada yangu alitazama jinsi vile vitambaa vilivyofungwa. Akainuka, akaenda kukaa palepale, akagusana naye bega.

"Shikamoo, mama," binti akasema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu ametolewa choo tumboni?"

Binti alishtuka. Kisha machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta.

Alikuwa anatoka kijiji cha Chiungutwa. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana njia ya haja kubwa. Madaktari walimtoboa tumboni ili aishi, wakasema akikua kidogo na kupata nguvu atapelekwa hospitali kubwa atengenezwe njia ya kawaida. Mifuko ya watoto wadogo hakuna, hivyo alikuwa akimfunga vitambaa, na hata hivyo vilikuwa vimekwisha. Amekata mashuka, amekata gauni lake. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kutafuta kazi na simu yake haipatikani. Dada akafunua, akaona ngozi ya mtoto ilivyoungua. Akafunika taratibu.

Tulipofika kwangu, kabla hata ya kuvua mtandio, akaniambia, "Mimi mtu mzima ninaungua ninanyamaza. Yule anajua nini?"

Siku chache baadaye akanipigia nipande Mkunya, nimsindikize kwenye darasa la akina mama msikitini. Sikuamini. Nilimkuta amevaa mojawapo ya mifuko yake ya kliniki, amejitanda, tayari kutoka. Tulipoingia, akina mama walipiga kelele za furaha. Walikuwa hawajamwona katikati yao tangu augue. Wakamsogezea nafasi kwenye mkeka. Mwalimu alipomaliza, dada akaomba ruhusa ya kusema neno, akasimama.

Na hapohapo tumbo likalia. Ukumbi mzima uliisikia ile sauti. Msichana mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo.

Nilitaka kumshika dada mkono tutoke. Yeye akabaki amesimama.

"Cheka tu, mwanangu," akasema. "Siku ya kwanza hata mimi niligeuka kutazama ni nani." Kisha akaweka kiganja kushoto mwa kitovu. "Niliwaambia nina vidonda vya tumbo. Sina. Nilikatwa utumbo, na choo changu kinatokea hapa. Ndiyo maana mnaona nimewakimbia. Lakini sikuja kujiombea. Kuna mtoto Chiungutwa yuko hivihivi, na mama yake hana tena nguo ya kukata. Ninaomba khanga zenu kuukuu. Zile zilizofuliwa mpaka zikalainika, ambazo mnadekia. Mtoto hawezi kuvaa kitambaa kipya, kinamkwaruza. Na mwenye kipande cha sabuni, naomba."

Akakaa. Halafu bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa mbele, akainuka kwa shida, akafungua khanga aliyojifunga kiunoni juu ya gauni, akaikunja na kumwekea dada mapajani. Wengine wakafuata. Waliokuwa hawana cha kuvua walikwenda nyumbani wakarudi. Jioni ile na kesho yake khanga ziliendelea kuja, na majirani Wakristo nao, waliokuwa wamesikia, walileta zao pamoja na beseni na mafuta ya mgando. Yule msichana aliyecheka alileta ndoo ya maji kichwani, akaiweka nyuma ya nyumba, akaondoka bila kusalimia kwa aibu.

Dada alifungua sanduku lake akatoa doti za khanga alizopewa siku ya arusi yake, zilizokuwa laini kama ngozi ya mtu. Nikamwambia hizo abaki nazo.

"Nibaki nazo za nini? Kata."

Nikakata, nikapinda kingo, nikazishonea kamba za kufungia. Tukazipeleka Chiungutwa tukiwa tumepakizana kwenye bodaboda, mzigo katikati. Dada akamwogesha mtoto mwenyewe, akamkausha bila kumsugua, akampaka mafuta, akamfunga. Mtoto akapiga chafya, akalala. Binti akamtazama akilala, akasema, "Mama, tangu azaliwe sijamwona akilala hivi, bila kulia kwanza."

Kwa miezi kadhaa dada yangu alirudi kuwa mtu. Alikuwa anapiga simu Chiungutwa kila siku kuuliza amekula, amenenepa, ngozi ikoje. Alirudi msikitini. Tumbo likilia katikati ya darasa, anasema "samahani, wenzangu," na mwalimu anaendelea. Akina mama walianza kuchanga bila kuombwa, wakamwagizia mifuko, na safari hii aliipokea. Mtoto alikuwa anaongezeka uzito, na hospitali ilikwishamwambia mama yake ajiandae kwa safari ya upasuaji.

Masika yalipochanganya, mtoto akaanza kuharisha. Kwa mtoto aliyetobolewa tumboni maji humtoka haraka kuliko mwingine. Asubuhi alikuwa ananyonya, mchana macho yamezama. Binti alimkimbiza hospitali mvuani, madaktari wakahangaika kumtundikia maji, mishipa haikuonekana. Walipoipata, ilikuwa imechelewa.

Dada alipopata habari alikaa chini palepale alipokuwa, jikoni, karibu na chungu. Shemeji akaja akakaa naye. Waliniambia hawakusogea pale mpaka moto ukazimika.

Baada ya arobaini binti alipanda Mkunya. Nilikuwepo. Alikuwa na furushi kichwani, akalitua miguuni pa dada, akapiga magoti kusalimia. Ndani mlikuwa na zile khanga, zote, zimefuliwa, zimekunjwa, kamba zimenyooshwa.

"Nimezirudisha, mama. Huenda akatokea mwingine."

"Hukubakiza hata moja, mwanangu?"

"Aliyozikwa nayo."

Dada yangu alimvuta, kichwa cha binti kikaanguka kwenye paja lake, nao wakalia kwa sauti, na mimi nikatoka nje kwa sababu kile kilio hakikuwa changu.

Ule uvimbe wa dada ulirudi, sehemu nyingine. Daktari alituambia ukweli, na dada akachagua kurudi nyumbani kwake. Alikonda hadi mifuko ikawa haishiki kwenye ngozi. Mwishoni binti alihamia Mkunya kumuuguza. Mimi nilikuwa ninakuja na kuondoka, nina watoto na kazi za watu, yeye alikaa. Alikuwa anajua kumsafisha dada bila kumuumiza kuliko mimi niliyefundishwa na wauguzi.

Dada alifariki mchana, katikati ya kunong'ona jambo ambalo hatukulielewa. Alipolazwa kwa ajili ya kuoshwa, tukaingia wanawake wachache wa kuosha. Tulipofika kwenye lile tundu, mwoshaji akasita, akanitazama mimi. Nami mkono wangu haukuinuka. Nilisimama na kata ya maji nikiitazama sehemu ile ambayo dada yangu aliificha, kisha akaionyesha mbele za watu kwa ajili ya mtoto asiyemhusu.

"Niachieni mimi, mama mdogo," binti akasema. "Nimezoea."

Akapiga magoti. Akaosha polepole, akakausha, akaziba kwa pamba. Alikuwa anamsemesha chini chini jinsi mtu anavyomsemesha mtoto anayeogeshwa: bado kidogo, tumemaliza, bado kidogo.

Siku hizi akina mama wa Mkunya huendelea kuleta khanga kuukuu, nami huzishona na kuzipeleka kwa wanaohitaji, Masasi na vijijini. Wapo wengi kuliko nilivyodhani, wanaume na wanawake, na wengi wanasema wana vidonda vya tumbo. Binti ameolewa tena, yuko Chiungutwa, hunipigia simu siku za sikukuu. Hatumtaji dada wala mtoto. Tunaulizana mvua, tunaulizana korosho, halafu mmoja wetu ananyamaza na mwingine anajua.

Watu huniambia ninafanya jambo la thawabu. Ninawashukuru. Lakini ningepewa kuchagua, ningechagua nisijue kamwe khanga hulainika baada ya kufuliwa mara ngapi, na dada yangu awe anapita mlangoni sasa hivi, kajifunga kibwebwe, ananiambia niharakishe, ngoma imeanza.