Aliyepanda Nyuma Yangu Kwenye Pipa la Tatu

Naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Kuongea mbele za watu naona haya, ndiyo maana nimeona bora niandike. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, na mjomba wangu aliyaona kwa macho yake.

Dada yangu Zena, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mpanda punda wa mbio za mapipa kule Dakawa. Mpunga ukishavunwa, vijana huweka mapipa matatu matupu uwanjani: moja kulia, moja kushoto, la tatu mbali kule mbele. Unayazunguka yote na kurudi mbio. Ukiangusha pipa, umetoka. Zena alianza kwa kubeba magunia ya mpunga kutoka shambani, kama sisi sote. Siku ya kwanza alipoingia uwanjani wanaume walimwambia pipa si sufuria. Akawajibu, "Basi nisubirini, nikimaliza nitawapakulia." Akawashinda, na misimu iliyofuata akawashinda tena. Punda wake alimwita Diwani, kwa kuwa haendi mpaka aombwe.

Msimu uliopita kamba ya tandiko ilikatika kwenye pipa la tatu, Zena akaangukia kichwa. Tulimzika kwetu Matombo, milimani.

Kwetu Waluguru mtu akifa jina lake hurithiwa. Wazee hukaa, humchagua mmoja wa ukoo na kumkabidhi jina pamoja na vitu vya marehemu. Kabla ya hapo vitu vile haviguswi. Wazee walisema tungoje mavuno yaishe na mpunga uuzwe. Lakini mashindano yalikaribia, na Diwani, tangu siku ile, akifika pipa la tatu alisimama na kutetemeka. Mjomba ndiye mwenye kauli nyumbani. Akasema punda asipozunguka siku ya mashindano atauzwa kwa wabeba matofali. Punda wa matofali hawadumu, mnawajua. Diwani nilimlea na Zena tangu akiwa mdogo, hivyo nililia. Mjomba akasema basi nimpande mimi. Mama akamkumbusha habari ya jina.

"Punda hajui matanga," mjomba akasema. Akamfunga Diwani tandiko la Zena, lile la gunia lililojazwa pumba.

Ilikuwa magharibi. Tulizunguka pipa la kwanza na la pili. Kwenye la tatu Diwani akasimama. Juu ya pipa alikaa mwanamke, amenipa mgongo, kanga kichwani. Nilidhani ni mvunaji anapumzika, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Sogea mbele."

Kwa nini nilisogea? Hata leo sijui. Mgongo wa Diwani ukabonyea kama anapopakiwa gunia la pili. Mikono miwili ikapita chini ya makwapa yangu, ikashika kamba ya hatamu. Wa kushoto ulikuwa na bangili ya shaba ya Zena, na bangili hiyo ilikuwa Matombo, sandukuni kwa mama mkubwa. Niaminini, Diwani alikimbia kama zamani. Bangili ikakwaruza ukingo wa pipa, nikaisikia.

Tulipofika kwa mjomba niligeuka. Hapakuwa na mtu. Mjomba alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi.

"Yule mwenzako ameshukia wapi?" akaniuliza.

Nilidhani hapo ataacha. Asubuhi akasema, almradi punda anazunguka.

Siku ya mashindano uzito ulikuja palepale, kwenye pipa la tatu. Watu wakashangilia jina la Zena, sijui waliona nini. Diwani akalizunguka pipa vizuri sana. Badala ya kurudi akalizunguka tena, na tena. Nilitaka kumzuia, lakini kamba haikuwa mikononi mwangu.

"Dada, inatosha," nikasema.

"Bado," akasema sikioni mwangu.

Mjomba alikimbia kuja kumshika Diwani, akapigwa teke la kifua. Diwani alizunguka mpaka magoti yakakunjika na damu ikamtoka puani. Alikufa ameegemea pipa.

Wazee walikuja wakanipa jina. Sasa naitwa Zena. Lakini walisema jina limekuja baada ya tandiko, na hawajui kama litamtosha marehemu. Mjomba bado anakohoa, na hasemi nami.

Nilihamia mjini, Mafiga, nisione punda wala mapipa. Wiki iliyopita nilichukua bodaboda kwenda sokoni Mwembesongo. Nilikuwa peke yangu. Njiani dereva akapunguza mwendo, akauliza, "Dada, wewe nakushusha sokoni. Na huyo mwenzako?"

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna msiba ambao wazee hawajaufunga, usikalie alipokuwa anakalia marehemu, hata ukiambiwa na mkubwa wako. Na kama yamekupata kama yangu, tafadhali niandikie. Niambie wazee wenu walifanya nini mpaka akashuka.