Meli ya Anga ya Mama Ikhlas

Kwa miaka mingi macho ya dada yangu Zainab ndiyo yaliyolisha nyumba yake. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vitambaa huko Eneo la Viwanda, Thika. Kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza yenye taa chini, naye akatafuta kosa: uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta. Akiliona, alilinyofoa kwa kibano kidogo cha chuma, kitambaa kikaendelea na safari yake. Wenzake walikuwa wakisema nzi akitua kwenye kitambaa hicho, Zainab atakwambia kama ni dume au jike. Mumewe, shemeji yangu Idarous, alikuwa fundi wa stima, yaani umeme, hapo hapo kiwandani.

Halafu mitumba ikajaa sokoni, na mwaka wa tisini na sita kiwanda kikafungwa. Kilifungwa mchana, watu wakiwa kazini. Mashine zilinyamaza, taa zikazimwa, wakaambiwa waende nyumbani. Zainab alitoka na kile kibano ndani ya mkoba wake. Hakuiba. Nani angekidai?

Macho yakaanza kumsumbua mwaka uliofuata. Akawa anagonga bega mlangoni, anamimina chai nje ya kikombe, kisha anakilaumu kikombe. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliumbuka siku alipompita Waceke, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Majengo, bila hata salamu, Waceke akakasirika akanipigia simu Ruiru kwenye duka la jirani yangu. Tukampeleka hospitali ya macho. Daktari akasema ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiwa na kitundu katikati, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na dawa ya matone ilikuwa ya kulinda hicho kitundu tu. Kilichopotea hakirudi. Nilimuuliza kama ni ile kazi iliyomla. Akasema hapana, ugonjwa huu huja wenyewe. Mpaka leo nabishana na daktari yule moyoni nikiwa nafua nguo.

Mimi ni Zubeida, mdogo wake. Nauza leso na vitambaa Ruiru, na kila Ijumaa nilikuwa naenda Thika kumsaidia, maana mtoto wao Ikhlas alikuwa shule ya bweni. Ijumaa moja ya mwaka tisini na tisa nilikuta kitu mezani. Kilikuwa kirefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni, plastiki, rangi ya kijivu kitupu, hakina mabawa wala magurudumu.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Meli ya anga," Idarous akasema.

"Ya nchi gani?"

"Haiko. Ni ya hadithi."

"Kwa hivyo umetoka kazini ukaleta hadithi. Unga je?"

Alicheka, lakini hakuiondoa. Siku hizo alikuwa anatengeneza waya za nyumba za watu. Huko mtaa wa Kahawa Sukari alikuwa amemfanyia kazi mhadhiri mmoja, Muthoka, ambaye alikuwa anahamia Botswana kama wahadhiri wengi wa miaka ile. Wakifunga mizigo, Muthoka alimpa boksi la meli hiyo, kifani cha plastiki cha kuunga vipande mwenyewe. Mtu wa nyumba ile alikuwa ameunganisha vipande na kupaka rangi, kisha akachoka. Zilizobaki ni stika, na juu ya boksi kulikuwa na picha ya meli yenyewe, imebandikwa namba na mistari, madirisha yote yanawaka na mkia una taa nyekundu.

Nilimfuata uani. Nilikuwa na hasira, na sikuificha. Mke anapofuka, mume anacheza na vidude!

"Zubeida, ngoja," akaniambia. "Hiyo jicho imebaki haitamaliza mwaka, na wewe unajua. Kule kiwandani walituzimia taa bila kutuaga. Hii jicho nataka izime ikiwa inaangalia kitu imewaka. Nitaweka taa, na yeye ataona. Ni hiyo tu."

Nikarudi ndani, nikamwondolea vyombo mezani.

Stika zilimshinda siku ya kwanza. Idarous alizoea stika za magari: unabandua, unabandika. Akaikwaruza moja kwa ukucha na ikabomoka kama ngozi ya kidonda. Zainab, aliyekuwa amekaa dirishani, akamsikia akilaani.

"Lete hiyo karatasi," akasema. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini kulikuwa na michoro. Akaisogeza karibu kabisa na pua, akaizungusha mpaka akaikuta kwa kile kitundu chake. "Kuna bakuli hapa. Hizi ni za kuloweka, Baba Ikhlas. Wewe na nguvu zako."

Tangu hapo stika zikawa kazi yake, na mimi nikawa karani wake. Nilikata moja kwa mkasi, nikasoma namba yake, nikamwonyesha mahali pake kwa kuuweka mkono wake hapo. Yeye aliitia kwenye kisahani cha maji, akangoja, akaijaribu kwa kidole mpaka ilipoanza kuteleza juu ya karatasi yake. Kisha aliibeba kwa kile kibano cha kiwandani, akaitelezesha ubavuni mwa meli, akaminya maji na hewa kwa ncha ya mtandio wake. Stika yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Zilipokuwa zinakakamaa na kukataa kulala kwenye mikunjo, akakumbuka kuwa kiwandani siki ilitumika kwenye rangi, akasema tujaribu. Tukapaka siki kwa pamba. Stika zikalegea, zikalala kama zimechorwa, nyumba nzima ikanuka kachumbari.

Waceke alivutwa na harufu. Akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Ngai! Mama Ikhlas, sasa hii ndege itabeba abiria wangapi?"

"Wewe tu," Zainab akamjibu. "Tukutupe huko."

"Na itakuwa inarara wapi?"

"Kwako. Una nafasi, bwana yako halali nyumbani."

Tulicheka sote, Waceke kutushinda. Nakwambia, kwa miaka miwili nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko kama hicho. Nikamsamehe shemeji yangu hapo hapo, kimoyomoyo, maana mdomoni ningemharibu.

Wiki zikaenda. Stika kubwa zilikwisha, tukaingia kwenye ndogo, namba za ukubwa wa punje ya mtama. Kasi ya Zainab ilipungua. Akataka niwe namwekea kila kitu mahali pale pale: kisahani kushoto, kibano kulia, pamba katikati. Siku moja nikaona amebandika namba kichwa chini.

"Dada, hii umeipindua."

Akaipapasa kwa ncha ya kidole, akatabasamu. "Huko angani hakuna juu wala chini. Iache."

Nikaiacha.

Idarous naye alikuwa na zamu yake. Alichukua balbu ndogo za dashibodi za magari, zile za ukubwa wa punje ya mahindi, akazipaka nyingine rangi nyekundu na nyingine akaziacha. Alitoboa madirisha ya meli moja moja kwa sindano aliyoichoma kwenye jiko la makaa. Waya alizipitisha tumboni mwa meli, nyembamba, zimefungwa kwa uzi kama mafungu ya mboga. Nilimuuliza kwa nini asitumie betri, hasa mwaka ule wa mgao wa stima, maana leo iko na kesho haiko.

"Taa ya betri ni taa ya mgonjwa," akasema. "Inaanza kufa siku unaiwasha. Mimi ni fundi wa stima, nitaunga na stima."

Basi akaiunga na adapta ya redio, na adapta ukutani.

Ikafika Ijumaa ambayo Idarous alisema meli imekwisha. Haikuwa zamu ya Majengo kukatiwa. Zainab aliswali magharibi, akaja akakaa kitini, mtandio mpya kichwani kama anayekwenda kuposwa. Meli ilikuwa mbele yake mezani. Mimi nilikaa pembeni. Idarous aliinama kwenye swichi, akasema bismillahi, na kabla hajaibonyeza stima ikapotea.

Sitayarudia maneno aliyoyasema baada ya bismillahi.

"Imepotea?" Zainab akauliza.

"Imepotea."

"Itarudi. Tungoje."

Hakukuwa na mshumaa, wa mwisho ulikwisha juzi. Idarous akabonyeza swichi hivyo hivyo, ili stima ikirudi meli iwake yenyewe, akakaa sakafuni. Tulingoja. Giza la Majengo mwaka ule lilikuwa giza kweli, sikuuona mkono wangu mwenyewe. Kule kona, kwa kinyozi, palikuwa na sauti ya redio ya betri, wanaume wamejaa kuisikiliza. Timu moja ya Nairobi ilikuwa inacheza ugenini, Afrika Magharibi huko.

Mtu yeyote aliyeishi mtaa kama ule anaijua kelele ya stima kurudi. Watoto wote hupiga ukelele kwa pamoja, watu wazima nao huitikia, masufuria hugongwa, na hata aliye chooni hushangilia. Huhitaji kufungua macho ili ujue.

Kelele hiyo ikalipuka. Ikaanzia kona, ikapita uani, watoto wakaidaka, mtu akagonga bati.

Zainab akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Zimewaka!"

Nikageuka kuitazama meli. Hakukuwa na meli. Kulikuwa na giza.

"Maashallah, Baba Ikhlas," aliendelea, na nikasikia kiti kikilia akijisogeza mbele. "Tazama hiyo nyekundu ya nyuma. Na madirisha! Yote yamewaka, hata moja halijakosa. Nimeona. Nimeziona."

Nje mtu alikuwa anapita mbio akiimba kwamba wamefunga, wamefunga, bao la kichwa, lakini makofi ya Zainab yalimfunika.

Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili. Nikakumbuka kisahani kushoto na kibano kulia. Nikakumbuka namba iliyopinduka na kile kidole kilichoipapasa. Wanasema macho hayana pazia. Ya dada yangu yalikuwa nalo, tena limeshafungwa, na yeye alikuwa amesimama nyuma yake akitusimulia yaliyo mbele.

"Umeziona zote?" Idarous akauliza kutoka sakafuni.

"Zote. Zinapendeza sana. Kumbe fundi wangu bado ana mkono."

"Alhamdulillahi," akasema.

Tukakaa hivyo. Zainab anatabasamu, nadhani, na sisi wawili tunalia bila kuvuta kamasi asitusikie. Nilimwomba Mungu stima isirudi usiku ule. Sijawahi kuomba dua ya ajabu kama hiyo, na haikukubaliwa.

Ilirudi. Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma, friji ya Waceke ikaanza kunguruma ng'ambo ya ukuta, na mtaa mzima ukapiga kelele upya. Mbele yetu meli ikawaka. Wallahi ilikuwa nzuri. Madirisha yote yalikuwa na mwanga wa rangi ya samli, mkia mwekundu, na stika za Zainab zimetulia ubavuni kana kwamba zilizaliwa hapo.

Na uso wake niliuona, maana sasa kulikuwa na taa. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni. Alizisikiliza zile kelele mpaka zikaisha. Tabasamu likamtoka.

"Ile ya kwanza ilikuwa nini?"

Nikajibu mimi. "Mpira, Dada."

"Wamefunga?"

"Wamefunga."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akajifunika uso kwa mtandio wake mpya. Idarous akasogea kwa magoti mpaka miguuni pake.

"Tangu lini, Mama Ikhlas?"

"Tangu zile stika kubwa ziishe. Hizi ndogo nimebandika na vidole tu."

"Na ukanyamaza. Mbona usiniambie?"

"Ungeacha kuitengeneza," akasema.

Idarous aliinamisha kichwa mapajani mwa mkewe, akalia kwa sauti kubwa, mtu mzima yule, hata Waceke akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Zainab akamwacha alie. Alipochoka, akamgusa bega.

"Haya, inuka. Nipe mkono. Niambie iko vipi."

Balbu zile zilikuwa zimepata moto, na joto lake lilipita kwenye plastiki. Idarous alikishika kidole cha mkewe, kile alichotumia kutafuta uzi mbovu maisha yake yote, akakiweka mkiani.

"Hii?"

"Nyekundu."

"Na hii?"

"Dirisha. Nyeupe, lakini si nyeupe sana. Kama ile taa ya meza yako ya kazi."

"Na hii?"

Alimwambia hiyo pia, na iliyofuata, moja baada ya nyingine. Alipomaliza upande mmoja, sauti ikamkatika, nikaushika ule mkono mimi na kumalizia upande wa pili. Hatukuizima mpaka stima ilipopotea tena.