Siku Niliyotangaza Dhoruba ya Jua Msibani

Hili sijawahi kulisimulia lote, na hata sasa nikipita nyumbani kwa marehemu Mzee Salum huwa naangalia upande wa pili wa barabara, maana ni mimi, mwalimu wa fizikia, mtu mzima mwenye familia, niliyemkosesha mtoto nafasi ya kumzika baba yake.

Nianze na kifaa. Wahadhiri wa chuo kimoja walikuwa wanatafuta nyumba tulivu huku Chanika wakaweke kasha la kupimia miale ya kosmiki, yaani chembe zinazotoka anga za mbali, zinazopasua hewa na kutupita mwilini usiku na mchana bila sisi kujua, nami nikajitolea kuwapa stoo yangu (kujitolea ni neno la heshima, ukweli niliwabembeleza). Kazi ya kasha ni kuhesabu tu. Jua likitema dhoruba, dhoruba hiyo husukuma kando sehemu ya miale kabla haijatufikia, hesabu inashuka, na wataalamu wanajua kuwa huko juu hali si shwari, setilaiti na mawasiliano yanaweza kusumbuka. Hesabu hizo nilikuwa naziona kwenye simu yangu, mstari unaopanda na kushuka kidogo kidogo. Vijana wa bodaboda walikuwa wakinitania, "Mwalimu, hicho kidude hakijasema umeme unarudi lini?" nami nacheka nao, ila moyoni nilikuwa naisubiri siku ya kuwaonyesha.

Mzee Salum, jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifariki alfajiri. Mwanawe mkubwa, Nassor, anafanya kazi Mwanza, akapata tiketi ya ndege ya saa tano asubuhi, kwa hiyo mdogo wa marehemu, Ami Khalfan, akapanga mazishi yawe baada ya swala ya alasiri, ili kijana awahi kumwona baba yake na kushuka kaburini kumpokea. Utaratibu ulikuwa umekamilika. Mie Mkristo wa kutoka Njombe nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume wenzangu chini ya turubai, sina kazi mkononi, nikatoa simu nitazame mstari wangu.

Ulikuwa umeporomoka. Haukushuka kidogo kama kawaida, ulianguka, na ulikuwa umebaki huko huko chini. Nilichopaswa kufanya ni kuwapigia wahadhiri. Badala yake nikamwinamia jirani yangu mkekani na kumwambia kwa sauti ya kunong'ona (mnong'ono wa mwalimu, mnaujua, unafika hadi dawati la nyuma), "Jua limelipuka. Hii ni dhoruba kubwa." Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia wa mbele, na muda si mrefu Ami Khalfan akaniita pembeni.

"Mwalimu, wanasema ndege hazitaruka?"

Nilipaswa kusema sijui. Nikamwambia kwa hali ile zinaweza kuzuiwa. Akampigia Nassor, namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Nikatikisa kichwa kama daktari na kusema, "Ndivyo inavyoanza, mawasiliano."

Seif, mpwa wa marehemu, akauliza, "Mjomba, si atakuwa yumo ndani ya ndege kazima simu?"

"Sidhani kama imeruka," nikamjibu mimi, niliyekaa mkekani Chanika.

Wazee wakashauriana. Wakaona haifai kumcheleweshea maiti stara yake kwa kumngoja mtu ambaye huenda asifike hata kesho. Maziko yakasogezwa, iwe baada ya adhuhuri. Ami Khalfan akanishika bega akasema, "Umetusaidia sana, mwalimu." Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tukaenda makaburini. Ami Khalfan na Seif wakashuka, wakampokea mzee, wakamlaza. Udongo ulikuwa umeshajazwa na dua inasomwa simu ilipoita kwenye kanzu ya Ami Khalfan. Akaitazama, akaipokea kwa sauti ya chini, na kwa jinsi watu walivyonyamaza tulisikia wote.

"Ami, nimeshatua, nipo Gongo la Mboto, njiani nakuja. Msinitangulie makaburini, ningojeni nimwone mzee."

Hakuna aliyeniangalia. Ningependelea waniangalie. Nikasogea nyuma ya watu, nikampigia mhadhiri, naye akaniambia vituo vingine vyote vimetulia, halafu akauliza, "Juu ya kifaa pamebadilika nini?" Nikampigia mke wangu. "Maji ya bomba yametoka leo," akasema kwa furaha, "nimelijaza lile tangi la juu ya stoo hadi linamwagika." Tangi hilo lilikuwa kavu tangu kasha lilipowekwa. Maji yake yamekinga sehemu ya miale, hesabu imeshuka, basi. Jua halikuwa limefanya lolote.

Nilirudi msibani nikamweleza Ami Khalfan mbele ya watu wote. Akasikiliza hadi mwisho akasema, "Mwambie mwenyewe," kisha akaenda kumpokea Nassor getini.

Nassor aliniomba nimpeleke kaburini. Alipomaliza kuomba dua akachuchumaa pembeni ya kaburi na kusema, "Haya, nieleze taratibu ulichowaambia." Nikamweleza yote, jua, miale, swali la Seif, tangi.

"Hicho kifaa sikilaumu," akasema. "Seif aliuliza swali, si ndiyo?"

"Aliuliza."

"Na wewe ulikuwa unajua kama ndege imeruka?"

"Sikujua."

"Sasa si ungesema hivyo tu, mwalimu. Ningemuwahi."

Akafuta udongo mikononi, akatangulia kuondoka. Nimeapa kwamba sitatabiri tena chochote mbele za watu, na darasani mwanafunzi akiniuliza nisichokijua namwambia sijui, tena kwa sauti ile ile inayofika hadi dawati la nyuma. Wao hudhani ni unyenyekevu.