Kumpambia Baba Mkwe Chumba

Baba mkwe wangu alipopata kiharusi, mume wangu alienda kijijini kwao Adungosi kumchukua ili akae nasi Burumba, karibu na hospitali. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na mdomo umepinda kidogo. Aliposhushwa kwenye gari alitazama mlango wetu, kisha akaomba aletewe kiti pale nje.

"Humo ndani silali," akasema. "Mimi na mke wa mwanangu chini ya paa moja? Watu wa nyumbani nitawaambia nini?"

Mume wangu alijaribu kumweleza kwamba mtu akiwa mgonjwa mambo hayo huachwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama kuna gari la kurudi. Mimi sikukasirika. Nimezaliwa huku huku na adabu ile naijua. Hata chakula chake huwa naweka mezani, nasogea, ndipo anakichukua. Ikabidi kwanza alale kwa mzee mwenzake wa kanisani, jirani yetu.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na chumba cha stoo, chenye paa lake na mlango wake, tulimokuwa tukiweka magunia ya mahindi na marobota yangu. Mimi huuza mapazia ya mitumba sokoni Busia. Robota likifunguliwa, wenzangu hukimbilia mapazia mazito yanayong'aa. Mimi huchambua lesi zilizopauka, zile zilizofumwa maua madogo pembeni. Napenda vitu vya zamani vilivyotunzwa. Jioni hutazama kwenye simu nyumba za watu wa mbali, zenye makabati ya mbao yaliyochujuka rangi na vikombe vya maua, nikatamani. Lakini mume wangu ni mtu wa sofa kubwa za ngozi, na sebuleni alishinda yeye. Kwa hiyo nilipoambiwa nitengeneze stoo iwe chumba cha mzee, moyo wangu uliruka.

Tulitoa magunia, tukapaka kuta rangi ya maziwa. Mume wangu akaleta vitu kutoka nyumba ya baba yake, ambayo ilikuwa vile vile alivyoiacha mama mkwe alipofariki: viti viwili vya mbao vya mikono mipana, kabati la vioo, birika la bati lenye maua mekundu, na sanduku la vitambaa alivyofuma marehemu kwa mkono wake. Fundi alipiga viti msasa na kuvipaka vanishi, nami nikasimama naye ili asifute alama zote za uzee. Vitambaa nilifua, nikatia wanga, nikapiga pasi. Nilivitandika kwenye migongo ya viti, mezani, juu ya kabati. Dirishani nikaweka lesi yangu nzuri kuliko zote. Ukutani nikatundika kioo chenye fremu ya shaba.

Rafiki yangu kutoka upande wa Uganda, anayeuza vitenge karibu na meza yangu, alikuja kuona. Alisimama katikati ya chumba mikono nyuma.

"Nnyabo, bibi wee, pazuri," akasema. "Lakini mzee atakaa wapi? Mimi naogopa hata kugusa."

Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Mzee aliletwa asubuhi. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama kitu kimoja kimoja. Akakishika kitambaa cha kiti kwa mkono wa kushoto, akakiachia. Kisha akageuka, akaketi kwenye kizingiti, mgongo wake kwangu.

Nilijua nimemwamshia msiba.

"Baba, nimekosea?" nikauliza kutoka mbali.

"Hapana, mama. Ni pazuri sana. Lakini hivi vitambaa, marehemu alikuwa anavitoa wageni wakija. Wakienda anavifua, anarudisha kwa sanduku. Sisi wenyewe hatukuvikalia. Sasa nikiviona vyote vimetandikwa, naona kama mimi ni mgeni hapa. Ninywe chai, halafu niende."

Nikamuuliza siku za kawaida walikuwa wakitandika nini.

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Leso yake ya kahawia. Ile imetoboka."

Basi tukaanza upya. Yeye akiwa pale kizingitini alielekeza kwa fimbo, nami nikasukuma. Viti nilikuwa nimevipanga vikitazama mlango, kama kwenye picha. Yeye akataka vitazamane, kimoja karibu na dirisha, kwa kuwa hapo ndipo mama mkwe alikuwa akichambua mboga wakiongea. Kioo aliomba kiondolewe. Hakusema sababu, ila niliona mkono ukipanda mdomoni. Lesi aliikubali, akasema ataona wapitao bila wao kumwona. Birika likashushwa kabatini ili litumike. Tulikuwa tumefika kwenye kitanda nilipogundua nimesimama karibu naye kabisa, wala hakuna aliyesogea.

Leso ililetwa kutoka Adungosi. Nilitaka kuziba tundu, akanikataza.

Alilala humo. Siku wazee wa kanisa lao walipokuja kumwona, aliwakaribisha yeye mwenyewe mlangoni, na akanitumia ujumbe kwamba mama atandike vile vitambaa vizuri. Walipoondoka aliniita nivitoe.

Mkono haukupona kabisa, ila mguu umepata nguvu. Majuzi mume wangu alimuuliza kama yuko tayari kurudi Adungosi. Mzee alifikiri, akasema ataenda wakati wa kupanda, awasimamie vibarua wasiharibu mbegu.

"Halafu?" mume wangu akauliza.

"Halafu narudi kwangu," akasema, akionyesha stoo yetu kwa kidole gumba, kisha akamimina chai.