Korali Ilipokuja Kumuaga Vahwere

Vahwere aliongoza korali ya kanisa lao, Bunia, kwa miaka kumi na nane, mpaka figo zilipomgomea. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, mazoezi akaanza kuyakosa. Jumapili moja pasteri akamshukuru mbele ya waumini kwa kuwa "ameomba kupumzika". Vahwere hakuwa ameomba kitu. Nafasi yake akapewa Monique, msaidizi wake, naye Vahwere akarudi kwenye cherehani yake kimya, maana mtu aliyeshukuriwa atalalamika vipi?

Asubuhi moja kifua kikambana. Bintiye Arlette akampakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Huko wakamtoa damu ili wapime troponini, kitu kinachovuja katika damu moyo unapoumia. Jibu likaonyesha kiwango mara tatu ya kile cha kawaida. Roger, muuguzi mgeni kazini, akatikisa kichwa.

"Moyo ya mama iko inaumia sana. Uite famille."

Arlette akapiga simu moja. Bunia, simu moja inatosha. Kabla ya saa sita korali nzima ilikuwa imezunguka kitanda, na wimbo wa kuaga umekwisha kuchaguliwa. Monique akapiga magoti.

"Mama Vahwere, unisamehe. Ni miye nilimuambia pasteri kama uliomba kupumzika. Nilitaka ile nafasi. Usiende mbele ya Mungu na kasirani juu yangu. Ungepona, ningekurudishia, naapa!"

"Nimekusamehe," Vahwere akasema, na alisamehe kweli. Anayeondoka habebi mizigo.

Ndipo akaingia daktari Clémence. Mchoro wa mapigo ya moyo aliukuta safi. Akaagiza damu ipimwe tena baada ya muda wa saa tatu. Korali wakangoja, wakiimba polepole. Jibu la pili likaja: namba ileile.

"Kwa mugonjwa ya figo," daktari akaeleza, "hii namba inaweza kubakia juu kila siku. Kama ni crise, shambulio ya moyo, namba inapanda. Ya mama haijapanda. Moyo yake tutaichunga, juu figo zinaichokesha. Lakini hii si crise."

"Basi sikufi?" Vahwere akauliza.

"Si leo, mama."

Kilichofuata hakikuwa furaha tupu. Watu waliokwisha kulia vizuri hawakujua machozi wayapeleke wapi. Monique akajifuta uso.

"Docteur, mashine ya labo haiwezi kukosea?"

"Mara mbili? Hapana."

Vahwere akajiinua juu ya mto. "Monique, weye uliapa nini?"

"Aliapa kurudisha!" wanaume wa besi wakajibu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule waliingia wote pamoja.

Jumapili iliyofuata Vahwere aliongoza akiwa ameketi. Figo hazikupona, dawa ziliongezwa, chumvi ikakatazwa. Kila mwezi anarudi kutoa damu. Roger siku hizi husoma karatasi mara mbili kabla ya kufungua kinywa, na Vahwere, akiambiwa namba haijasogea, hufunga kitenge chake na kwenda mazoezini.