Kamera ya Mwalimu Gatakaa

Mwalimu Gatakaa, mstaafu wa Nkubu, alikubali kompyuta yake kuukuu iwekwe Linux, ule mfumo wa bure, mradi kamera ifanye kazi amwone mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Fundi Mutuma, mwanafunzi wake wa zamani, aliujaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta kitu. Sauti ikakubali. Intaneti ikakubali. Kamera ikaonyesha giza.

"Kamera imekataa, mwalimu."

"Jaribu tena. Hata wewe hesabu zilikukataa."

Mutuma akainua kitambaa cha kufuma kilichoning'inia ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta. Ndevu zake mwenyewe zikatokea kiooni. Kwa Gatakaa, redio na viti vyote huvaa vitambaa hivyo.

"Tukitoe, mwalimu."

"Kompyuta ibaki uchi mbele ya mtoto?"

Mwalimu akavaa miwani, akafumua nyuzi chache za kitambaa mbele ya kamera ili ipate tundu, akaketi wima.

"Haya, wapigie."